Uhamishaji wa picha kwa OpenCV

Uhamishaji wa picha ni kitendo cha kusogeza picha yote ya dijitali kwa pamoja, kwenda kushoto au kulia, juu au chini, bila kuizungusha, kuikuza wala kubadilisha umbo la vitu vilivyomo. Katika lugha ya programu ya Python, kazi hiyo hufanywa mara nyingi kwa kutumia OpenCV, ambayo ni maktaba huria ya programu kwa ajili ya uchakataji wa picha na uoni wa kompyuta.

Uhamishaji ndio ugeuzaji rahisi kuliko wote wa kijiometria, lakini kila unapofanyika kuna maswali matatu ya kujibiwa: sehemu inayotoka nje ya fremu inakwenda wapi, nafasi inayobaki wazi inajazwa na nini, na je, thamani za pikseli zinabaki zilezile? Mtumiaji asipochagua jibu, maktaba humchagulia. Chaguo hilo linafaa kwa picha ya kutazamwa tu, lakini linaweza kuharibu picha inayotumika kupimia au kufundishia kompyuta.

## Historia ya OpenCV

OpenCV ilianzishwa mwaka 1999 katika kampuni ya Intel ya Marekani, chini ya uongozi wa Gary Bradski. Toleo la majaribio lilitolewa kwa umma mwaka 2000, na toleo la 1.0 likafuata mwaka 2006. Awali maktaba iliandikwa kwa lugha ya C. Toleo la 2, lililotoka mwaka 2009, lilijengwa juu ya C++.

Katika Python maktaba hii huitwa kwa jina la `cv2`, na jina hilo limebaki hata katika matoleo ya 3 na 4. Picha inayosomwa na OpenCV huhifadhiwa kama jedwali la namba la NumPy, maktaba nyingine ya Python inayotumika kwa hesabu za kisayansi. Kwa sababu hiyo picha ileile inaweza kushughulikiwa na maktaba zote mbili bila kubadilishwa muundo.

## Mpangilio wa pikseli

Picha ya dijitali ni jedwali la pikseli. Katika picha ya kawaida isiyo na rangi, kila pikseli ni namba moja kuanzia 0 (nyeusi kabisa) hadi 255 (nyeupe kabisa). Katika picha ya rangi, kila pikseli huwa na namba tatu, na OpenCV huzipanga kwa utaratibu wa buluu, kijani na nyekundu, tofauti na programu nyingi zinazoanza na nyekundu.

Mahali pa pikseli hutajwa kwa namba mbili. Mwanzo, yaani nukta (0, 0), uko kwenye kona ya juu kushoto. Mhimili wa x unaelekea kulia, na mhimili wa y unaelekea chini, si juu kama ilivyo katika grafu za shuleni. Kwa hiyo kuongeza y ni kushuka.

Kuna tofauti nyingine inayowachanganya wanafunzi. NumPy hutaja kwanza safu mlalo na kisha safu wima: `picha[50, 100]` ni pikseli iliyo kwenye safu mlalo ya 50 na safu wima ya 100. Fanksheni za kijiometria za OpenCV hutaja kwanza x na kisha y, kwa hiyo pikseli hiyohiyo huitwa (100, 50). Vivyo hivyo, `picha.shape` hutoa kimo kabla ya upana, ilhali `cv2.warpAffine` hudai upana kabla ya kimo.

## Msingi wa kihisabati

Pikseli iliyokuwa mahali (x, y) ikihamishwa kwa umbali tx kwenda kulia na ty kwenda chini, mahali pake papya ni:

    x' = x + tx
    y' = y + ty

Namba hasi husogeza picha upande wa pili: tx hasi huipeleka kushoto, na ty hasi huipeleka juu.

OpenCV huandika kanuni hii kwa matriksi yenye safu mlalo mbili na safu wima tatu:

    M = | 1  0  tx |
        | 0  1  ty |

Safu wima mbili za kwanza zinaeleza mzunguko, ukuzaji na mlalio wa picha. Hapa zina 1 na 0 tu, maana yake hakuna kinachobadilika. Safu wima ya tatu ndiyo inayobeba uhamishaji. Safu hiyo ni ya lazima kwa sababu matriksi ya 2 kwa 2 haiwezi kamwe kuiondoa nukta (0, 0) mahali pake: sifuri ikizidishwa kwa namba yoyote hubaki sifuri. Ugeuzaji wa aina hii, unaojumlisha uhamishaji pamoja na mzunguko na ukuzaji, huitwa ugeuzaji afini, na neno hilo ndilo linaloonekana katika jina la fanksheni `warpAffine`.

## Mfano wa programu

Programu ifuatayo inasogeza picha pikseli 100 kwenda kulia na pikseli 50 kwenda chini:

    import cv2
    import numpy as np

    picha = cv2.imread("mnazi.jpg")
    kimo, upana = picha.shape[:2]

    M = np.float32([[1, 0, 100],
                    [0, 1, 50]])

    mpya = cv2.warpAffine(picha, M, (upana, kimo))
    cv2.imwrite("mnazi_mpya.jpg", mpya)

Mstari wa `imread` unasoma faili. Mstari unaofuata unachukua kimo na upana na kuacha idadi ya rangi. Matriksi huandikwa kwa `np.float32` kwa sababu `warpAffine` hukubali namba za desimali tu. Matriksi ya namba kamili huzuia programu kuendelea. Namba mbili za mwisho katika `warpAffine` ni ukubwa wa fremu mpya.

## Kinachopotea

Fremu mpya ikiwa na ukubwa uleule wa fremu ya zamani, pikseli zinazovuka ukingo hukatwa. Kiasi kinachokatwa huwa kikubwa kuliko wengi wanavyokisia. Picha ya pikseli 640 kwa 480 ina pikseli 307,200. Ikisogezwa 100 kulia na 50 chini, eneo linalobaki ndani ya fremu ni 540 kwa 430, yaani pikseli 232,200. Pikseli 75,000, karibu robo ya picha, zimepotea.

Kuirudisha picha hiyo nyuma kwa -100 na -50 hakurejeshi kilichokatwa. Vitu vitarudi mahali pake, lakini upande wa kulia na chini patabaki ukanda mtupu. Ndiyo maana inafaa picha asili itunzwe, na kila uhamishaji mpya uanzie kwenye picha hiyo.

Njia ya kuepuka hasara ni kupanua fremu:

    mpya = cv2.warpAffine(picha, M, (upana + 100, kimo + 50))

Hapa fremu inakuwa ya pikseli 740 kwa 530 na hakuna kinachokatwa. Hata hivyo njia hii husaidia tu pale tx na ty zinapokuwa chanya. Fremu hupanuka kwenda kulia na chini. Picha iliyosukumwa kushoto ya sifuri bado itakatwa hata fremu ikiwa pana kiasi gani.

## Kinachojaza nafasi

Upande ambao picha imetoka hubaki ukanda usio na pikseli. Bila maelekezo mengine, OpenCV huujaza kwa sifuri, yaani rangi nyeusi. Mtumiaji anaweza kuchagua vinginevyo kwa kutumia `borderMode` na `borderValue`:

* `cv2.BORDER_CONSTANT` hujaza rangi moja. Kwa mfano, `borderValue=(255, 255, 255)` hutoa ukanda mweupe, na `(255, 0, 0)` hutoa ukanda wa buluu kwa sababu ya utaratibu wa rangi wa OpenCV.
* `cv2.BORDER_REPLICATE` hurudia pikseli ya mwisho ya ukingo hadi nafasi ijae.
* `cv2.BORDER_REFLECT` hujaza kwa taswira iliyogeuzwa kama kwenye kioo.
* `cv2.BORDER_WRAP` huleta upande huu kile kilichotokea upande wa pili.

Uchaguzi huu una athari pale picha inapopimwa. Picha ya 640 kwa 480 ambayo pikseli zake zote ni 200 ina wastani wa 200. Baada ya uhamishaji wa mfano uliotangulia, kwa ukanda mweusi, wastani hushuka hadi takriban 151. Hakuna kilichofifia katika picha yenyewe. Sifuri za ukanda zimehesabiwa kana kwamba ni sehemu ya mandhari. Kurudia ukingo au kuakisi huficha ukanda machoni, lakini huingiza vitu ambavyo kamera haikuviona. Katika kazi ya vipimo, njia salama ni kuhamisha pia picha ya pili yenye 255 kila mahali, kisha kuhesabu tu pale ambapo picha hiyo ya pili haina sifuri.

## Uhamishaji kwa sehemu ya pikseli

tx na ty zikiwa namba kamili, kila pikseli huhamia kwenye nafasi ya pikseli nyingine na thamani yake haibadiliki. Zikiwa na desimali, pikseli huangukia kati ya nafasi mbili, na thamani mpya lazima ikadiriwe.

OpenCV huanzia kwenye picha mpya. Kwa kila pikseli ya picha mpya, hutafuta mahali ilikotoka katika picha ya zamani, na kwa sababu hiyo hugeuza matriksi kinyume kabla ya kuanza kazi. Utaratibu huu huhakikisha kwamba hakuna pikseli ya picha mpya inayoachwa bila thamani, jambo ambalo lingetokea katika ukuzaji na mzunguko kama kila pikseli ya zamani ingerushwa mbele. Mahali palipopatikana pakiwa kati ya pikseli, njia ya kawaida, `cv2.INTER_LINEAR`, huchukua wastani wa majirani kulingana na ukaribu wao.

Athari yake huonekana katika safu moja fupi yenye nukta moja angavu:

    Asili:                    0   0  100   0   0
    Kulia kwa nusu pikseli:   0   0   50  50   0
    Kurudi kwa nusu pikseli:  0  25   50  25   0

Jumla ya mwanga imebaki 100, lakini kilele kimepungua kwa nusu na nukta imetawanyika. Kurudi nyuma hakukuirejesha nukta, kumeitawanya zaidi. Kwa hiyo picha iliyohamishwa mara kumi kwa desimali huwa na ukungu kuliko iliyohamishwa mara moja kwa jumla ya umbali uleule. Njia ya `cv2.INTER_CUBIC` hutunza ukali wa picha vizuri zaidi, na `cv2.INTER_NEAREST` huchukua pikseli iliyo karibu zaidi bila kufanya wastani wowote.

## Kuunganisha uhamishaji na mzunguko

Kutokana na upotevu huo, picha inayohitaji kuhamishwa na pia kuzungushwa hufaa igeuzwe mara moja tu, kwa matriksi iliyounganishwa. Kila matriksi huongezewa safu mlalo ya tatu yenye 0, 0 na 1, kisha matriksi huzidishwa, na safu mlalo mbili za juu za jibu hupewa `warpAffine`.

Mpangilio wa kuzidisha ni muhimu. Chukua nukta (10, 0). Ikisogezwa 5 kulia huwa (15, 0), na ikizungushwa nyuzi 90 kutoka mhimili wa x kuelekea mhimili wa y huwa (0, 15). Ikizungushwa kwanza huwa (0, 10), na ikisogezwa baadaye huwa (5, 10). Hatua ni zilezile, lakini mahali pa kufikia ni tofauti.

## Njia nyingine katika Python

Pale umbali unapokuwa wa namba kamili, NumPy peke yake inatosha:

    mpya = np.zeros_like(picha)
    mpya[50:, 100:] = picha[:kimo - 50, :upana - 100]

Programu hii hunakili eneo linalobaki na kuacha ukanda mweusi, sawa na `warpAffine`. Fanksheni ya `np.roll` nayo husogeza pikseli, lakini huzizungusha: kinachotoka kulia huingia kushoto. Hakuna kinachopotea, ila picha ya mtu aliyesimama ukingoni inaweza kuonyesha bega lake upande mmoja na mkono wake upande mwingine.

Maktaba ya Pillow ina `ImageChops.offset`, inayozungusha pikseli kwa namna hiyohiyo, na `Image.transform`, inayotaka kanuni ya kutoka picha mpya kwenda picha ya zamani. Katika `Image.transform`, kwa hiyo, kusogeza picha 100 kulia huandikwa -100. Maktaba ya SciPy ina `ndimage.shift`, inayotaja safu mlalo kwanza, kama NumPy. Programu inayohamishwa kutoka maktaba moja hadi nyingine inaweza kufanya kazi bila kutoa onyo lolote huku picha ikienda upande usiotakiwa.

## Matumizi

Kuweka picha katikati. Mkusanyiko wa MNIST wa tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, unaotumiwa sana kufundishia ujifunzaji wa mashine, ulitayarishwa kwa uhamishaji. Kila tarakimu ilitafutiwa kitovu cha uzito wa pikseli zake, kisha ikasogezwa ili kitovu hicho kiwe katikati ya fremu ya pikseli 28 kwa 28. Programu inayofundishwa kwa MNIST na kupewa tarakimu iliyoandikwa pembeni mwa fremu huweza kukosea, hata kama tarakimu inasomeka vizuri kwa macho.

Kuongeza mifano ya mafunzo. Jani lenye ugonjwa hubaki na ugonjwa uleule likisogezwa ndani ya fremu. Kwa hiyo picha moja inaweza kuzaa mifano kadhaa ya kufundishia kompyuta. Mbinu hii inafaa kwa mikusanyiko kama ule wa majani ya muhogo kutoka Uganda, wenye picha 21,367, nyingi zikiwa zimepigwa na wakulima mashambani na kutambuliwa na wataalamu wa taasisi ya utafiti wa mazao ya nchi hiyo wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Makerere. Picha hizo zimegawanywa katika makundi matano: magonjwa manne, yakiwemo batobato na michirizi ya kahawia, na majani yenye afya. Tahadhari ni kwamba dalili iliyo pembeni mwa jani ikikatwa kwa uhamishaji, picha itabaki na lebo ya ugonjwa ilhali ugonjwa wenyewe hauonekani tena.

Kulinganisha picha za tiba. Katika uchunguzi wa mishipa ya damu kwa eksirei, picha hupigwa kabla na baada ya dawa inayoonyesha mishipa kuingizwa mwilini. Picha ya kwanza huondolewa kutoka ya pili ili mifupa ifutike na mishipa ibaki. Mgonjwa akisogea kidogo kati ya picha hizo, mifupa haifutiki vizuri na huacha kivuli kinachoweza kufunika mishipa. Kuhamisha picha moja ilingane na nyingine kabla ya kutoa hupunguza kivuli hicho.

Picha za anga. Wanaastronomia hupiga picha nyingi za eneo moja, huzisogeza hadi nyota zilingane, kisha huzijumlisha. Mwanga wa nyota huongezeka kuliko chembechembe za kelele, na nyota hafifu huanza kuonekana.

Katika matumizi mawili ya mwisho, umbali wa kusogeza haujulikani mapema. OpenCV huukadiria kwa `cv2.phaseCorrelate`, inayolinganisha picha mbili kwa ugeuzaji wa Fourier. Njia hiyo ilielezwa na Kuglin na Hines mwaka 1975. Picha zinazopewa fanksheni hiyo ziwe za namba za desimali na zisiwe na rangi. Ishara ya jibu hufaa ihakikiwe kwanza kwa picha ambayo umbali wake umewekwa kwa makusudi.

## Makosa ya kawaida

* Faili kutopatikana. `cv2.imread` haisimamishi programu ikikosa faili, hutoa `None`. Hitilafu hutokea mstari unaofuata, kwenye `picha.shape`, na kumfanya mwanafunzi atafute kosa mahali pasipo penyewe.
* Kubadilisha upana na kimo. Kuandika `(kimo, upana)` hakutoi onyo. Picha ya 640 kwa 480 hutoka ikiwa 480 kwa 640, imekatwa upande mmoja na kujazwa weusi chini.
* Kusahau lebo. Picha yenye kisanduku kinachoonyesha kitu kilipo ikihamishwa, kisanduku nacho lazima kihamishwe kwa tx na ty zilezile na kukatwa kinapovuka ukingo. La sivyo kompyuta hufundishwa kwamba kitu kipo mahali pasipo na kitu.
* Kufanya wastani wa lebo. Katika ramani ambamo 1 ni jani zima, 2 ni batobato na 3 ni michirizi ya kahawia, wastani wa 1 na 3 ni 2. Uhamishaji wa nusu pikseli kwa `INTER_LINEAR` unaweza hivyo kuchora ugonjwa wa batobato kwenye mpaka ambao haukuwa nao. Ramani za lebo huhamishwa kwa `cv2.INTER_NEAREST` pekee.
* Kuhamisha juu ya kilichohamishwa. Kila hatua huongeza ukanda mtupu, na hatua za desimali huongeza ukungu. Umbali hujumlishwa kwanza, kisha picha asili huhamishwa mara moja.

Makosa haya, isipokuwa la kwanza, hayasimamishi programu. Picha hutoka, faili huhifadhiwa, na tofauti inaweza isionekane kwa macho. Njia rahisi ya kuyagundua ni kuijaribu programu kwanza kwa picha ndogo yenye nukta moja nyeupe mahali panapojulikana, na kuhakiki kwamba nukta hiyo imefika mahali ambapo hesabu inasema ingefika.